Kidole cha Shimeno

Mke wangu Shimeno akipiga chafya hupiga tatu, hucheka mdomo ukiwa umejaa chakula, na kwa miaka thelathini na minne amekuwa akisaga samaki wadogo pamoja na miiba yao, anawafinyanga kwa mkono na kuwatosa kwenye mafuta. Jakoten zetu, ndivyo vinavyoitwa vitafunio hivyo, zinajulikana mji mzima wa Matsuyama. Yeye anakaanga, mimi napiga domo na wateja. Si kazi ni kugawana?

Baridi ya mwaka huu ilipoingia, akaanza kulalamika.

"Mzee, kidole hiki kimekufa ganzi. Tufunge kibanda siku moja nikaonwe na daktari."

"Baridi tu hiyo," nikamwambia. "Ikiisha, kitapona. Tukifunga, watu wale nini?"

Alisema tena wiki iliyofuata, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakusema.

Sasa, kila mwezi tunakwenda ukumbi wa hekalu kucheza haiku. Nasema kucheza kwa sababu ni mchezo hasa. Kila mtu anaandika shairi lake, mizani kumi na saba tu, na ndani yake neno la majira. Vikaratasi vinachanganywa na kunakiliwa na wengine, ili mwandiko usikuumbue. Kisha kila mmoja anachagua shairi lililomkuna, analisoma na kueleza kwa nini. Mwenyewe anakaa kimya kana kwamba hayumo, mpaka msomaji amalize. Ndipo anataja jina lake.

Mimi si mtunzi wa kutisha, lakini kwa kunusa shairi ni la nani, hakuna wa kunifikia. Mwalimu mstaafu, kila shairi lake ni mwezi. Muuza tairi ni pombe. Shimeno ni paka, miaka yote paka, hadi namtania kwamba paka wetu anastahili mshahara.

Machi hii shairi moja likanikuna. Nikasimama, nikalisoma:

Baridi kwisha;
kidole hakijui
mafuta moto.

"Hili la Sugauchi!" nikasema. Sugauchi ana mkahawa, kazi yake kukaanga kamba na mboga. "Jamani, mtu anaungua wala hasikii! Na baridi imekwisha, kwa hiyo msiniambie ni baridi. Huyu anaumwa. Mimi nauliza, nyumbani kwake wanaishi vipofu? Sugauchi, mkeo hana macho? Aibu gani hii!"

"Bwana Tamotsu," Sugauchi akasema taratibu, "si langu."

Nyuma yangu, sauti ninayoijua kuliko yangu mwenyewe ikataja jina:

"Shimeno."

Niligeuka. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Endelea, mzee," akasema. "Hukumaliza kutukana."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Nikaushika mkono wake mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuoane. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na malengelenge mawili, moja limepasuka.

"Umeungua lini?"

"Jana asubuhi. Ulikuwa umesimama ubavuni mwangu, unamchekesha mteja."

Kesho yake wateja walikuta kibanda kimefungwa. Sisi tulikuwa kwenye tramu kwenda hospitali, mkono wake juu ya paja langu, na kwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyekuwa nikisikiliza.