Mazabodi Ishirini, Penseli Moja

Saa tatu kasorobo asubuhi. Ngazi za umeme za soko la kompyuta zimesimama, kama zilivyosimama mwaka jana na mwaka juzi, na watu wanazipanda kwa miguu hadi ghorofa ya pili. Huko juu, kwenye kibanda chenye upana wa mlango mmoja, Ning Supiyati anasugua penseli.

Ameinamia mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba viungo vyote vya kompyuta. Miwani ya kukuzia imemkaa puani. Ncha ya penseli inapita juu ya kidude cheusi kisichozidi punje ya ufuta. Anasugua mara mbili, anagusa kwa ncha za mita ya umeme, anasoma, anasugua tena.

"Moja nukta tatu mbili," anasema peke yake. "Bado kidogo."

"We Ning, unampaka wanja?" anadakia Cak Dulkamit, muuza nyaya kuukuu wa kibanda cha pili. "Bi harusi huyo?"

"Nitakupaka wewe mdomoni, Cak, labda utanyamaza."

Kwa lugha ya hapa Ning ni dada, Cak ni kaka, Pak ni bwana na Mak ni mama. Supiyati, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anaishi kwa kazi ambayo haimo kwenye orodha ya ofisi yoyote ya Surabaya, Indonesia. Anachukua mazabodi za bei ya chini, zile ambazo kiwanda kimezifunga zisiruhusu prosesa, ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko ilivyopangiwa, na anazifungua.

Kwanza huondoa programu ya mwanzo ya bodi na kuweka nyingine aliyoirekebisha mwenyewe. Kisha hubandika vibamba vya alumini juu ya sehemu inayogawa umeme, maana kwenye bodi za bei ya chini sehemu hiyo huachwa uchi na ikipata joto hujizima. Mwisho huja penseli.

"Hiki kidude ni rezista," anaeleza. "Ndicho kinachoiambia bodi iipe prosesa umeme kiasi gani. Makaa ya penseli yanapitisha umeme. Nikiyapaka hapa juu, bodi inadanganyika, inaongeza. Nikipaka sana, naunguza mali ya watu."

Kwa kila bodi hulipwa rupia laki moja na nusu. Mwezi ukiwa mzuri hupata milioni tatu, na laki tisa kati ya hizo ni kodi ya kibanda, katika jengo ambalo uongozi wake hauna haya kudai kodi ya ngazi zisizopanda.

Bodi iliyo mbele yake Ijumaa hii si ya mcheza michezo wala ya mpiga picha za harusi, wateja wake wa kila siku. Ni ya chuo cha ufundi. Ziko ishirini za namna hiyo, na Jumatano ijayo wanafunzi arobaini watazitumia kwa mtihani wa vitendo, nusu yao asubuhi na nusu mchana.

Mtihani ni kuchora nyumba kwenye kompyuta, halafu kompyuta yenyewe igeuze mchoro kuwa filamu ya dakika moja, mtu akaona kama anatembea vyumbani. Kugeuza huko kumepewa saa nne. Kompyuta za chuo huchukua saa nne na dakika arobaini.

Mwaka jana kengele ililia filamu zikiwa bado. Walifaulu watatu tu, waliochora vijumba visivyo na madirisha.

"Prosesa waliyoleta ni nzuri," anasema Pak Mujayin, mwalimu wa somo hilo. "Bodi ndiyo imefungwa. Ni kumnunulia mkimbiaji viatu vya mtoto. Nimeandika barua tatu. Nimejibiwa moja, kwamba suala linashughulikiwa."

Wakubwa wanaojibu barua hizo neno lao ni hilohilo moja. Hulitamka mtu anapoanza kuumwa, na hulitamka tena wenzake wakiwa wanatoka kumzika. Aliyeagiza bodi hizo alipigwa picha akizikabidhi, na inaonekana hakuwahi kukaa mbele ya mojawapo.

Mwalimu akaja sokoni mwenyewe, bodi moja kwenye mfuko wa plastiki. Makubaliano yalikuwa mepesi. Supiyati aifungue hiyo moja na kuikimbiza kwenye kazi ya mtihani mara mbili mfululizo, kama itakavyokuwa Jumatano. Ikimaliza kila mzunguko chini ya saa nne bila kuzima, mwalimu ataleta kumi na tisa zilizobaki. Ikizima, asilete, kwa kuwa bodi inayozima katikati ya mtihani ni mbaya kuliko ile ya polepole.

Kulikuwa na sharti jingine. Bodi ni mali ya serikali, hairuhusiwi kulehemiwa.

"Ndiyo maana natumia penseli," anasema Supiyati. "Mkaguzi akija, nafuta kwa raba. Vibamba vinabanduka. Programu ya zamani nimeihifadhi. Hataona kitu. Na wale watoto watakuwa wameshapata vyeti vyao."

Jaribio la kwanza lilikuwa Alhamisi. Supiyati ana desturi ya kuipa kila bodi jina na kuliandika kwa nyuma. Hii jina lilitoka kwa mwalimu, aliyekuwa na furaha nyingi siku hiyo. Aliiita Panglima, yaani jemadari.

Panglima aliwaka vizuri. Saa ya kwanza, vizuri. Saa ya pili, vizuri. Baada ya saa tatu na dakika kumi, kioo kikawa cheusi.

Mak Sarpin, mjane anayeuza kahawa na uji kwenye kona ya ngazi, hakuhitaji mita kulijua tatizo.

"Jina limemzidi uzito," alisema. "Mtoto mchanga unamwita jemadari, ataacha kuugua? Marehemu mume wangu aliitwa jina la kifalme, akashindwa kutambaa. Walipombadilisha jina akaanza hadi kukimbia madeni."

"Mak, hii ni kompyuta," alisema Supiyati.

"Na nyinyi mlipoipa jina mlidhani ni nini?"

Cak Dulkamit alicheka mpaka akakaa chini.

Supiyati hakucheka. Kuna jambo alikuwa ameliona tangu asubuhi akalipuuza. Kwa kawaida misuguo kumi ya penseli humtosha. Kwa bodi hii alihitaji zaidi ya arobaini. Penseli ilikuwa mpya, kutoka kwenye pakiti aliyoinunua Jumatatu, yenye alama ya 2B na muhuri wa dhahabu unaosema imepitishwa kwa mitihani.

Jioni hiyo alisugua penseli mpya kwenye karatasi, mstari mnene, akaweka ncha za mita huku na huku. Mshale ulitikisika kidogo ukalala. Akaupuliza mstari kwa kifaa cha hewa moto. Uling'aa, ukalegea. Ilikuwa nta nyingi na makaa kidogo; bodi ilipopata joto iliyeyuka, umeme ukashuka.

Penseli ya bandia.

"Mtu yeyote angeweza kukosea hapo," anasema. "Lakini siyo mimi. Mimi nilipaswa kuwa wa mwisho duniani."

Kwenye droo yake, ndani ya kopo la vidonge, kuna kipande cha penseli chenye urefu wa kidole gumba. Hakitumii. Ni kile alichofanyia mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, zama zile majibu yalipokuwa yakisomwa na mashine: unatia weusi kwenye kiduara kwa penseli ya 2B, mashine inapita juu, inasoma makaa, inahesabu.

Baba yake, mkaanga maandazi ya ndizi, alimnunulia penseli hiyo langoni mwa shule asubuhi ya mtihani. Ilikuwa na muhuri pia.

Hisabati lilikuwa somo lake la kujivunia. Mashine ilimpa alama mbili.

"Mbili, siyo ishirini," anasema. "Baba akaenda ofisini akiwa na kofia mkononi. Wakamwambia mashine haikosei. Wakamwambia, Pak, labda mtoto wako ni mvivu. Baba hakunipiga. Alirudi, akawasha jiko, akakaanga maandazi siku nzima."

Baba huyo alifariki mwaka uliofuata bado akiamini, au akijaribu kutoamini, alichoambiwa. Supiyati akaenda kufagia duka la kukodisha kompyuta. Huko alijifunza kuzifungua, kisha kuzitengeneza, na baada ya miaka saba akapata mita yake ya kwanza. Kitu cha kwanza alichopima nayo kilikuwa kile kipande cha penseli. Mshale ulitikisika kidogo ukalala.

Hakuna ofisi aliyoipelekea habari hizo. Aliyemwambia baba yake kwamba mashine haikosei alikuwa ameshapandishwa cheo.

"Sasa niambie," anasema Supiyati, "mtu mwenye kipande hiki kwenye droo anaona muhuri wa dhahabu, anauamini, hapimi. Kwa nini? Kwa sababu tumezoea. Muhuri ukiona, kichwa kinainama chenyewe."

Ijumaa asubuhi, basi, kazi imeanza upya. Ameusafisha mstari wa zamani kwa spiriti na raba. Ametembea vibanda vyote vya ghorofa akiomba penseli, akipima kila moja kwenye karatasi kabla ya kushukuru. Sita zimeshindwa. Ya saba ilikuwa juu ya sikio la Cak Dulkamit, fupi, imetafunwa nyuma.

"Hiyo siitoi," alisema Cak. "Ya urithi hiyo, nimeitafuna tangu sijaoa."

"Naona. Ina meno mengi kuliko wewe. Lete."

Mshale uliruka ukakaa. Misuguo tisa.

Mak Sarpin naye hakusubiri kuombwa. Ameleta bakuli mbili za uji mzito wa mchele, mmoja mweupe, mwingine mwekundu kwa sukari ya mnazi, kama anavyofanyiwa mtoto anayebadilishwa jina. Amehesabu siku pia: Ijumaa iliyoangukia Legi, katika juma la siku tano la Kijava, siku njema. Nyuma ya bodi, neno Panglima limekatwa kwa mstari na chini yake limeandikwa Sabar, yaani mwenye subira.

"Kula, Ning, halafu uwashe."

"Nikiwasha ikafa?"

"Basi tumekula uji. Hasara iko wapi?"

Saa tatu na dakika tano Sabar anawaka. Supiyati anapandisha kasi ya prosesa kutoka gigahezi tatu na nusu hadi nne nukta mbili, anafungua nyumba ya mtihani wa mwaka jana, yenye madirisha yake yote, na kubonyeza. Kisha anageukia kazi nyingine. Anatengeneza feni ya mtu. Anauza kebo. Kila robo saa anagusa vibamba vya alumini kwa mgongo wa kidole.

Saa sita wanaume wanashuka kwenda msikitini, ghorofa inanyamaza. Dakika ya mia moja na tisini, ambapo Panglima alikufa, Supiyati ameshika kijiko cha tambi njiani kati ya bakuli na mdomo. Hakishushi wala hakifikishi mdomoni. Dakika inapita. Anakula.

Mzunguko wa kwanza unaisha kwa saa tatu na dakika hamsini na tatu. Anabonyeza tena papo hapo, kama itakavyokuwa Jumatano.

Pak Mujayin anafika saa kumi na moja kasorobo jioni, shati limeloa mgongoni kwa kupanda ngazi. Anavuta kiti cha plastiki na kukaa mbele ya kioo, ambapo nyumba ndogo ya vyumba viwili inajijenga picha baada ya picha. Cak Dulkamit amefunga kibanda lakini hajaondoka. Mak Sarpin amebeba birika ambalo halimiminii mtu.

Inafika saa kumi na moja kamili, mzunguko wa pili unaisha. Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Kioo kinaonyesha mlango unafunguka, sebule, dirisha, na nje ya dirisha mti mmoja wa mpapai ambao mwanafunzi fulani aliuweka mwaka jana na haukuonekana na mtu.

"Alikuwa ameweka mpapai," anasema mwalimu. "Yule mtoto sasa anapakia mizigo bandarini."

"Ni jina," anasema Mak Sarpin.

"Ni penseli yangu," anasema Cak Dulkamit.

"Mimi nilibadilisha vyote viwili," anasema Supiyati, "kwa hiyo msiniulize."

Zile kumi na tisa zitaletwa kesho asubuhi. Ana siku nne, na kipande cha penseli ambacho Cak Dulkamit anasema ni cha mkopo. Mwalimu anauliza kama majina yapo ya kutosha. Mak Sarpin anasema uji upo.

Kuhusu malipo, chuo hakina fungu la kazi ambayo haipo kwenye karatasi. Mwalimu amechanga kidogo kutoka mshahara wake, wazazi wamechanga kidogo. Haifiki hata nusu ya bei yake ya kawaida. Supiyati amekubali kwa sharti moja, ambalo Pak Mujayin analisema kwa sauti ya mtu asiyejua kama acheke.

Mwezi wa saba katika chumba kilekile cha chuo kutakuwa na mtihani wa watu wazima wasiomaliza sekondari. Siku hizi hakuna karatasi wala viduara, kila kitu hujibiwa kwenye kompyuta. Supiyati amejiandikisha. Sharti lake ni kwamba siku hiyo akae mbele ya Sabar.

Anakirudisha kile kipande cha zamani ndani ya kopo la vidonge, anafunga droo kwa ufunguo.

"Safari hii wakiniambia mashine haikosei," anasema, "nitawajibu naam, najua. Nimeipaka mwenyewe."