Mwalimu Buti Anasubiri Darasa

"Shangazi, mbona huwaambii wanyamaze?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa miaka saba, kasimama kwa mguu mmoja kando ya kijito, katikati ya kelele za wanafunzi wa shangazi yake, maana buti la mguu wa pili lilikuwa limemezwa na tope. Shangazi yake alimwinamia. Alimshika kwapani, akamng'oa kama karoti, buti likabaki lilipo, akasema, "Ngoja kwanza tukufukue wewe."

Mtoto huyo watu wote walimwita Mbona, hata baba yake mzazi, kwa sababu tangu alipojua kusema, neno hilo ndilo lililofungua sentensi zake. Mbona kivuli hakilowi? Mbona samaki hapigi chafya? Alilelewa na shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja na mfuko wa machungwa, kulala siku mbili mfululizo, kisha kuondoka tena huku akipiga honi mpaka majirani wafungue madirisha.

Shangazi alifundisha darasa la tano. Shule nzima ilimwita Mwalimu Buti, na yeye alijua, na alipenda, ingawa akilisikia jina hilo alikunja uso ili kulinda heshima ya kazi. Mwisho wa ukumbi, kwenye chumba kilichowahi kuwa stoo ya mafagio, kulikuwa na mabuti ya mpira ya kutosha darasa zima, yamening'inizwa kichwa chini kwenye vigingi vya mbao. Kila kisigino kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu ya kucha. Kucha zake mwenyewe hazikuwahi kuiona rangi hiyo. Mpaka leo Mbona akipita dukani kwenye mipira mipya husimama kidogo na kuvuta pumzi, lakini harufu huwa si yenyewe. Ile ya chumba cha mabuti ilikuwa mpira uliochanganyika na tope kavu, magazeti ya zamani na dawa ya kusafishia sakafu.

Magazeti yalikuwa ya kujazia. Mabuti yalikuwa makubwa kuliko miguu, kwa hiyo kila Alhamisi watoto walikaa chini ukumbini wakisokomeza habari za michezo kwenye vidole vya buti. Baadaye walishuka mteremko kwa mstari, kwata, kwata, kwata, wakipita nyuma ya vyoo, kando ya ukuta wa gereji, mpaka kijitoni. Na kelele! Hebu fikiria darasa la tano zima limefunguliwa nje mchana, lina mabuti, lina nyavu za kuvulia wadudu, na mbele yake kuna maji.

Hapo ndipo Mwalimu Buti alipofanya jambo lake. Aliinua mkono wa kulia, kiganja wazi. Hakuwatazama watoto. Alitazama maji. Akasubiri.

Hakusema "shhh". Hakutaja jina la mtu. Walio mbele walinyamaza kwanza, wakawakanyaga miguu walio nyuma yao, na hao wakawafinya wengine, mpaka akabaki mtundu mmoja anayecheka peke yake, naye akajishtukia. Ndipo ukaanza kusikia. Maji yakizunguka jiwe. Nyundo ya gereji, mbali. Kitu kidogo kikidumbukia upande wa pili bila kuonekana. Mwalimu akashusha mkono na kuuliza kwa sauti ya chini, "Haya, mmesikia nini?" Na somo likaanza.

Kuna siku alisubiri mpaka nusu ya kipindi ikaisha. Mwalimu mkuu, mzee mwembamba aliyevua miwani kila alipotaka kusema jambo baya, alimlalamikia.

"Mwalimu, nimewaona kutoka dirishani. Mmesimama kama watu wanaosubiri picha ya pasipoti."

"Tulikuwa tunaanza, mkuu."

"Na mnamaliza lini?"

"Hatujawahi kumaliza," alisema shangazi, akacheka, na mwalimu mkuu akarudi ofisini akitikisa kichwa.

Mabuti hayo, nyavu, vioo vya kukuzia wadudu, hata dizeli ya basi lililowaleta watoto wa shule zisizo na kijito waje kuazima hiki, vyote vilitoka kwenye fungu dogo la serikali la elimu ya mazingira. Mbona hakujua neno fungu lina maana gani. Alidhani ni la nyanya.

Alijua siku mwalimu mkuu alipowakusanya walimu na wanafunzi ukumbini, miwani mkononi. Serikali ilikuwa imependekeza kulifuta fungu hilo kwenye bajeti mpya. "Bila fungu hakuna mabuti mapya," alisema, "na bila mabuti mimi sitaruhusu mtoto akanyage vipande vya chupa. Kijito basi." Kabla ya kupiga kura, kamati ya bunge ingesikiliza maoni ya wananchi, na shule za eneo lile ziliruhusiwa kutuma mtu mmoja. Walimu wakatazamana. Shangazi akasema ataenda yeye.

Baba alikuwa nyumbani usiku huo. Alicheka mpaka akaweka chungwa chini.

"Dada, wewe? Wewe fundi aliyekushonea gauni lenye mkono mmoja mrefu si ulimshukuru?"

"Alikuwa amejitahidi."

"Na ukalivaa!"

"Nilikuwa naukunja huo mmoja. Wewe cheka tu. Ukimaliza, kaa hapo uwe mbunge."

Wakafanya mazoezi jikoni. Mbona alikuwa mwenyekiti, akagonga meza kwa mwiko. Baba alikuwa wabunge wote kwa pamoja: akapiga miayo, akazungumza na sufuria, akalala na kukoroma, akaamka na kuuliza, "Chakula tayari?" Shangazi alisema hotuba yake yote kwa moyo, bila karatasi, ndani ya dakika tatu zilizotolewa. Ilikuwa nzuri. Mbona aliisikia mara nyingi hivi kwamba alianza kuisema usingizini, na alikuwa na hakika kabisa kwamba wabunge wakiisikia watatoa mabuti mpaka kwa watu wazima.

Siku yenyewe, baba alivaa shati la kola na kuwapeleka. Chumba cha kamati kilikuwa na zulia linalomeza hatua, vikombe vyenye visahani, na vipaza sauti vilivyopinda shingo, kila kimoja na kitaa chekundu. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja, na mtu alikuwa ameweka ndoo ya bluu chini yake, kwenye kona, kama vile ndoo hiyo nayo imekuja kutoa maoni. Mbona na baba walikaa nyuma kabisa.

"Mwalimu, karibu," alisema mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole. "Una dakika tatu."

Shangazi akasimama. Akabonyeza kitufe, kitaa kikawaka. Mbele yake wabunge wawili walikuwa wakinong'onezana na kucheka jambo lao. Mmoja alipitisha biskuti. Mwingine, kijana mwenye tai ya kijani, alikuwa ameinama nusu chini ya meza, simu sikioni, anazungumza kabisa, mkono mdomoni, kama mwanafunzi wa nyuma anayekula karanga.

Shangazi akatazama chumba chote. Kisha akainua mkono wa kulia, kiganja wazi.

"Hapana," alinong'ona baba. "Dada, hapana."

Mazoea ni mazoea. Miaka yote ile mkono wake haukuwahi kuomba ruhusa ya kichwa. Akasimama pale, mkono juu, macho hayako kwa wabunge, yako kwenye ndoo ya bluu. Mwenyekiti alidhani anataka kuuliza swali. "Endelea tu, mwalimu," alisema. Mwalimu hakuendelea. Mbona akahisi masikio yake yanawaka moto. Alitaka kupiga kelele, sema, shangazi, sema ile ya mabuti! Lakini hata yeye alikuwa mwanafunzi wa kijito, na mkono ukiwa juu husemi.

Na wakanyamaza. Hilo ndilo la ajabu. Wanong'onezaji walitazama juu, wakatazamana, wakaketi wima. Mwenye biskuti aliacha kutafuna. Wa mwisho alikuwa yule wa tai ya kijani, aliyejisikia ghafla akisema "nitakupigia" katikati ya ukimya mtupu, akaizima simu. Ndipo wote wakasikia. Tone. Tone. Kiyoyozi kikidondosha kwenye ndoo.

Shangazi akashusha mkono, akafungua mdomo, na kengele ya muda ikalia.

Chumba kilivunjika mbavu. Hata mlinzi mlangoni alicheka. Mwenyekiti alijikaza.

"Mwalimu, pole sana. Muda wako umekwisha."

"Samahani, mheshimiwa," alisema shangazi, na Mbona aliona uso wake unavyomshuka, pole pole, kadiri alivyokuwa akielewa alichokifanya. "Nilikuwa nasubiri darasa."

Wakacheka tena. Mwenyekiti akampa sentensi moja. Hotuba yote nzuri ya jikoni ilikuwa imekimbia, na shangazi akasema tu, "Kuna kijito nyuma ya shule yetu, tunaomba watoto waendelee kupelekwa." Akakaa.

Fungu lilifutwa. Haiwezekani kusema ni kwa sababu ya mkono ule. Mafungu mengine mengi yalifutwa mwaka huo, yakiwa na wasemaji hodari. Lakini njiani kurudi hakuna aliyepiga honi. Baba alinunua machungwa, hakuna aliyeyamenya.

Mabuti yalipasuka moja moja na hayakununuliwa mengine. Vigingi vikabaki, madawati mabovu yakaletwa kulala chini yake. Darasa la tano lilisoma kijito kwenye picha ya kitabu: mshale huu ni maji, mshale huu ni mdudu, mshale huu ni ndege anayekula mdudu. Alhamisi mchana shangazi alifundisha akiwa kaelekea dirishani, na mara nyingine sentensi yake ilikatika katikati, akasikiliza kitu, kisha akaendelea. Hakuitaja tena siku ile ya kamati. Baba, ambaye angeweza kutania hata msibani, hakuigusa kamwe. Goti likaanza kumsumbua shangazi, akastaafu, akapewa saa ya ukutani inayochelewa.

Mbona alikua. Maswali hayakupungua ila yalirefuka. Alipofika kidato cha tatu alikuwa katibu wa klabu ya mazingira, klabu isiyo na kitu zaidi ya bango lake. Mwaka huo kamati ya bunge ikakaribisha tena maoni kuhusu bajeti ya elimu, na wenzake wakamchagua yeye, wakisema yule ana mdomo wa kutosha.

Alimwambia shangazi jikoni, bila kumtazama. Shangazi aliendelea kuosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Utavaa sketi gani?" aliuliza hatimaye.

"Ya shule."

"Lete niipige pasi. Wewe unapiga pasi kama unafukuza kuku."

Walienda wote watatu. Zulia lilikuwa jipya. Ndoo ya bluu ilikuwa pale pale. Mwenyekiti wa sasa alikuwa mwanamume aliyeanza kuota mvi kando ya masikio, na Mbona alimtazama muda mrefu kabla ya kumtambua, kwa sababu leo tai yake ilikuwa ya kahawia na simu yake ilikuwa juu ya meza, imelala kifudifudi. Alipoitwa, Mbona akasimama. Wabunge walikuwa wakizungumza. Akabonyeza kitufe, akapiga moyo konde. Alikuwa amejiapiza: ataanza papo hapo, hata kama wanaimba.

"Waheshimiwa..."

"Subiri, binti," alisema mwenyekiti.

Naye akainua mkono wa kulia, kiganja wazi. Hakutazama mtu. Akasubiri. Mmoja akanyamaza, kisha jirani yake, kisha upande wa dirisha. Huko nyuma kabisa, baba wa Mbona alimshika dada yake kiwiko. Tone, ilisema ndoo. Tone.

"Miaka mingi iliyopita tulisikiliza watu wengi hapa kuhusu fungu hili," alisema mwenyekiti. "Sikumbuki hata neno moja la mtu yeyote. Nakumbuka hiyo ndoo." Akashusha mkono. "Sasa anza. Muda wako unahesabiwa kuanzia hapa."

Mbona akasema. Alieleza chumba cha mabuti na madawati yaliyolala humo, na magazeti kwenye vidole, na watoto wanaojua kijito kwa mishale ilhali kiko nyuma ya vyoo vyao. Alizitaja shule ambazo hazina hata pa kuazima. Akaomba fungu lirudi. Alipomaliza alikuwa amebakiwa na muda, na hakuujaza kwa chochote.

Fungu lilirudi, si lote. La mabuti lilipita. La dizeli ya basi liliambiwa lisubiri mwaka mwingine, na klabu ya Mbona tayari imeanza kuuliza mwaka upi.

Alhamisi ya kwanza, shangazi alialikwa. Alishuka mteremko akiegemea bega la Mbona, huku mbele yao darasa la tano likienda kwata, kwata, mabuti yananukia duka. Mwalimu wao mpya, kijana mwenye filimbi shingoni, alisimama ukingoni akihangaika. "Nyamazeni! Jamani, nyamazeni! Nyie wa nyuma, nimesema nyamazeni!" Kadiri alivyopaza sauti ndivyo nao walivyopaza, mpaka ndege wakahama.

Shangazi alikaa juu ya jiwe, mikono mapajani, akatabasamu.

"Shangazi," alisema Mbona, "wewe mbona hukuwaambia wanyamaze? Hata siku moja?"

Shangazi alitazama maji.

"Ningewaambia, mwanangu, wangenisikia mimi."