Virusi vya Flashi

Mimi nina wivu. Nalisema mapema, maana bila hilo habari hii haielezeki.

Kibanda changu cha steshenari kilikuwa ndani ya jengo moja la Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Nilichapa barua na kadi, nikatoa kopi. Mlango wa pili akahamia dada mmoja na kompyuta ile yenye alama ya tunda lililomegwa. Kila asubuhi aliniamkia, "Shikamoo, dada," tena kwa sauti, wateja wasikie. Shikamoo ya nini, na nimemzidi miaka mitano tu? Nilimjibu marahaba kwa shingo upande.

Wateja kunikimbia nilivumilia. Kilichonichoma ni shosti wangu wa Magomeni, niliyekua naye ua mmoja. Nilimkuta amekaa kwa yule dada wanacheka, flashi yake ya buluu imechomekwa kule. Miaka yote ilichomekwa kwangu tu. Aliponiona akasimama mbele ya skrini, akaniuliza habari za nyumbani.

Kesho yake alipokuja kutoa kopi nikamwambia, "Flashi yako lazima imeshika virusi huko unakoichomekachomeka. Lete niisafishe."

"Haya, ila usifungue kitu," akasema, akanisimamia mgongoni.

Virusi havikuwepo. Nilihamisha mafaili yake yote kwa mpigo, nikaifuta flashi, nikaiandaa upya kwa mtindo ambao kompyuta yangu huusoma na kuuandika, lakini ile ya tunda huusoma tu. Kisha nikayarudisha mafaili. Yule dada angeweza kufungua na kutazama, ila kuhifadhi humo hata nukta asingeweza. Siku ile nilikula wali kwa raha.

Siku ya tatu shosti akarudi anahema.

"Shosti, hii flashi vipi? Yule dada karekebisha kazi yangu, kila akitaka kuiweka humu inagoma. Na wachapaji wananisubiri. Isafishe tena basi, niende mara moja kuchukua kanga. Na usifungue!"

Alipotoka tu, nikafungua. Nilitaka nione kazi ya mwenzangu ilivyo mbaya.

Ilikuwa kadi ya singo, sherehe ya wanawake ya kumfunda binti wa shosti kabla ya ndoa. Kazi ilikuwa nzuri, niseme nini. Chini ya majina ya wazazi paliandikwa: Somo wa bi harusi. Na mbele yake, jina langu. Herufi moja ilikosewa, na marekebisho yaliyogoma yalikuwa hayo.

Nilikaa nikilitazama. Alikwenda kwa jirani kwa sababu kadi ya kunishtukiza asingeweza kuichapisha kwangu. Mimi ndiye aliyenichagua nimfundishe mwanawe kukaa na watu.

Niliirekebisha ile herufi kwa mkono wangu. Kisha nikaiandaa flashi upya, safari hii kwa mtindo unaokubalika kwa mashine zote mbili, nikairudisha kadi.

Shosti aliingia na kanga mbili zikiwa bado kwenye karatasi, akazificha nyuma ya mgongo.

"Haya, virusi vimetoka?"

"Flashi yako haikuwa na virusi, shosti," nikamwambia. "Kaa kwanza. Kabla hujanipa hizo kanga, kuna kitu nimekufanyia."