Kadi Yenye Mende

Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kikombe chenye harufu ya yai sinywei, hata kikisuguliwa kwa majivu mara tatu. Wauza nyanya wa Mlowo wananijua: nikigeuza nyanya nikaona tundu, nafuta vidole kwenye kanga kana kwamba imeniuma. Mama alikuwa akisema nitaolewa na sabuni.

Mtu wa namna hiyo hakupaswa kabisa kuunda kompyuta kwa vifaa vilivyotumika. Lakini vipya sikuviweza, na nilikuwa na sababu.

Baba alikuwa dereva wa malori. Alikuwa akitoka Dar es Salaam na shehena, akifika Chapwa anapiga honi mbele ya nyumba yetu, kisha anavuka mpaka na hatumwoni tena hadi arudi kutoka Kongo, vumbi mpaka kwenye kope. Halafu kiharusi kikamchukua upande wa kushoto. Akawa mtu wa kukaa kibarazani akisikiliza foleni inayoelekea mpakani. Mwanzoni, kwa mngurumo wa injini tu, alikuwa akitwambia lori lile limebeba nini na kama dereva wake anaijua kazi. Baadaye hata hilo aliliacha, akawa anatazama ukuta. Daktari alisema mgonjwa akiacha kutaka kitu, mazoezi hayamsaidii.

Na kulikuwa na mate. Yalimtoka upande wa kushoto wa mdomo kutwa nzima, na mama alikuwa akimfuta kwa kitambaa alichokitupia begani. Mama akienda kanisani kwenye umoja wa akina mama, nabaki naye mimi. Nitasema ukweli: sikumfuta. Nilikuwa nikimwekea kitambaa kwenye mkono wake mzima, naangalia pembeni. Baba aliyenibeba mgongoni nilipougua surua. Nilijichukia, lakini kinyaa hakikuondoka.

Siku moja nikaona kwenye simu gemu la malori. Unashika usukani halisi uliofungwa mezani, unakanyaga pedali, unapeleka shehena mji hadi mji. Nikajua nimepata. Baba angeendesha tena, angetaka kitu tena, na mimi ningekuwa nimemfanyia jambo kubwa bila kumgusa. Wazo hilo la mwisho nililiona waziwazi na halikunisumbua.

Ninafanya kazi kwenye steshenari, kwa hiyo mashine ya kuanzia ilipatikana, kompyuta ya ofisi iliyostaafishwa, prosesa yake bado ina nguvu. Ilihitaji ram ya kuongeza kumbukumbu, diski ya kasi, pawa saplai kubwa kidogo, na juu ya yote kadi ya grafiki, maana hiyo ndiyo inayochora barabara. Bila kadi nzuri lori linakwenda kwa kushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi.

Nikazunguka Tunduma kutafuta. Fundi wa kwanza nilimkuta anapaka dawa ya meno juu ya prosesa, eti inapooza. Wa pili alitoa ram kwenye droo, akailamba zile pini zake za shaba, akaifuta kwenye suruali, akanipa. Nikaiacha kaunta na mate yake. Ram nyingine nilimsimamia fundi wa tatu mpaka alipoitoa kwenye pakiti yake, na usiku huo nilinawa mikono mpaka ikakauka ngozi.

Usukani na pedali nikavipata vya mtumba; kadi ya grafiki ikabaki. Nikavuka kwa miguu hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa mtoto wa shangazi yangu, ambaye anauza kompyuta kuukuu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Yeye ni binamu, kwa hiyo ni mtani wangu, na kati yetu hakujawahi kupita neno lililonyooka. Mwaka uliopita nilimwambia suruali yake imechanika nyuma. Akacheka akidhani ni utani, akaingia nayo kanisani.

"Mulishani, mke wangu," akanisalimu kwa Kibemba. "Umerudi kwangu?"

"Nimekuja kuona kama siku hizi unaoga."

Akaweka kadi mbili mezani. Moja nyeusi, imevikwa vumbi zito la mafuta, na kwenye feni yake zilichungulia ndevu mbili za mende. Mende mwenyewe akatoka, akatembea kwa starehe mpaka ukingoni mwa meza. Ya pili ilikuwa nyekundu, feni tatu, inang'aa, inanukia sabuni ya kufulia.

"Chukua hii nyeusi," akasema. "Ndiyo nzima. Hiyo nyekundu imekufa. Nimeiosha kama tunavyoosha maiti, ikae vizuri dirishani."

"Mwongo we. Unataka nikalale na mende wako."

"Naapa imekufa."

"Na wewe utakufa bila mke."

Akanitazama kidogo, akainua mabega. "Basi beba urembo wako."

Sikumwomba aichomeke kwenye umeme nione. Kwetu kitu cha ndugu hakijaribiwi mbele yake. Ningekuwa nimemwita mwizi nyumbani kwa shangazi, na nshima ya shangazi, ugali wao wa Zambia, bado iko tumboni. Mimi ninayerudisha nyanya kwa tundu la sindano nilivuka mpaka na boksi lililofungwa, nikijisifu kwamba nimeukwepa uchafu.

Jumapili baada ya ibada mama alimvalisha baba shati lake la safari. Tukamsogeza mezani, nikamwekea mkono wa kulia kwenye usukani. Vidole vikajikunja vyenyewe, vikashika. Ilikuwa miezi mingi sijaona vile vidole vikishika kitu kwa hiari. Nikawasha. Feni tatu zikazunguka, taa nyekundu zikawaka, na kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha, nikachomoa, nikapachika tena. Baba alisubiri kwa adabu, kama abiria. Kisha akautoa mkono kwenye usukani, akaulaza mapajani.

"Limekufa," akasema.

Nilichukua bisibisi nikaifungua ile kadi kwa hasira. Chini ya urembo kulikuwa na kutu ya kijani na harufu ya maji yaliyolala. Nilimchukia binamu, nikaichukia biashara yake na kucheka kwake kote.

Kesho yake nilimtupia boksi mezani. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona hacheki.

"Si nilikwambia?" akasema. "Nikaapa."

"Wewe unaapa kila siku."

"Nilidhani unataka pambo la dirisha la steshenari. Nani anabeba kitu anachoambiwa kimekufa?"

Alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania chenye kunukia sabuni. Nikamweleza habari za baba na ule mkono. Akaipachika ile nyeusi kwenye mashine yake. Picha ikatoka safi. Mende wawili pia wakatoka, kwa joto.

"Niache nikuoshee kwanza," akasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa maji na sabuni. Kama ile nyekundu. Yenyewe ilikuwa inafanya kazi kabla sijaiosha."

Nikaibeba hivyohivyo, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, mende wakikwaruza ndani.

Nikaisafisha mwenyewe kibarazani, kwa spiriti, brashi na kijiti cha meno. Brashi haikufika kila mahali, ikabidi vidole. Nilitoa vinyesi vilivyogandamana kama kahawa iliyoungua, mabawa, miguu mitupu, na vifuko vya mayai vilivyopasuka nilipovibana. Mara mbili nilikimbilia uani kutapika. Mara ya pili niliporudi baba alikuwa ameuacha ukuta, ananitazama mikono.

"Feni," akasema, kwa taabu. "Toa feni. Kwanza."

Nikaitoa feni. Alikuwa sahihi, nusu ya kiota ilikuwa chini yake. Akaniongoza neno mojamoja mpaka jioni, kama alivyokuwa akimwongoza utingo wake chini ya gari.

Siku iliyofuata barabara ikatokea kwenye kioo. Mama alikuwa kanisani. Baba akashika usukani, akakanyaga pedali kwa mguu wa kulia, lori likasogea. Alipinda kona ya kwanza kwa upana, jicho kwenye kioo cha pembeni, akiachia nafasi tela ambalo halipo. Mate yakaanza kushuka kidevuni, yakadondoka kwenye usukani. Nikatafuta kitambaa, mama alikuwa ameondoka nacho begani. Baba hakuwa na mkono wa ziada.

Nikamfuta kwa kiganja changu. Yalikuwa ya moto.

"Mkono unanuka mende," akasema, bila kugeuka.

"Angalia barabara, baba."