Firigisi ya Bosi

Ndugu zangu, mimi nilianza kwa kubeba ndizi kichwani kutoka kijijini Kinole, darasa la tatu nikawaachia wenye muda, na leo nina nyumba mjini, Bigwa. Mtu namjua kwa kumtazama tu. Ndivyo nilivyojisifu mpaka juzi.

Binti yangu Salome na wenzake wanaandika programu za kompyuta kwa kampuni moja ya Ulaya. Ndiyo soko huria hilo: zamani tuliwauzia katani, sasa tunawauzia akili. Bosi wa kampuni akaja kuwaona kama wanastahili mkataba mpya. Akikataa, ofisi inafungwa.

"Baba, wapokee wageni nyumbani," Salome akaniomba, "mimi nitachelewa kidogo."

Wakashuka Wazungu wawili: mzee wa mvi, na kisichana chenye suruali iliyotoboka magotini. Nani wa kunifundisha bosi ni yupi? Mzee nikamkalisha kwenye kochi langu, nikamwekea firigisi, kipande cha mwenye heshima. Kisichana nikakionyesha jikoni kikasaidie wanawake. Kikaenda kinacheka. Kina adabu, nikasema.

Salome akaingia anahema. "Shikamoo baba. Bosi umemtunza?"

"Marahaba. Mtazame mwenyewe, firigisi kaimaliza!"

"Baba! Huyo ni baba yake, kaja kutazama milima. Bosi yuko wapi?"

Kabla sijajibu, bosi akatokea jikoni na kisu mkononi, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, akaniuliza kwa ishara kama amenye na chane iliyobaki.