Meza Imeshonewa Kitambaa, Mke Wangu Hakushonewa

Admin, nifiche jina. Mama yangu hajui kusoma, lakini kanisani kwetu wanaosoma ukurasa huu ni wengi.

Nina miaka thelathini na tisa, mimi ni Mkongomani wa Fizi. Shule niliiachia darasa la sita, mtanisamehe nikikosea. Naishi Area 36, Lilongwe, nabeba matofali na kuchanganya zege kwenye majengo ya watu. Mama yuko Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Mke wangu ni Mmalawi, Mchewa, na tuna watoto wawili.

Mwaka huu mama aliumwa mguu. Ulivimba, ukatoka kidonda kikubwa, tukamleta mjini kutibiwa, akakaa kwetu mpaka mvua zikaisha. Chumba chetu ni kimoja. Mke wangu alimpa mama godoro, sisi tukalala kwenye mkeka. Kile kidonda mimi mwanawe nilikuwa nikikikaribia natoka nje kutapika. Yeye alikiosha kila asubuhi, kisha anambeba mama mgongoni mpaka chooni. Kiswahili alichonacho alijifunza pale pale, mama analia kwa uchungu na yeye anamuuliza, "Hii munaita nini?" Mama akapona, akarudi kambini anatembea mwenyewe.

Dada yangu mdogo yuko Amerika na watoto wake. Aliposikia mama amepona alilia kwa furaha. Akasema kwao kuna sikukuu ya shukrani, inaangukia Alhamisi, watu hawaendi kazini, familia zinakula pamoja. Akataka siku hiyo hiyo na sisi tutoe shukrani kanisani Dzaleka, yeye atuone kwa simu. Kwetu shukrani ina taratibu zake: familia nzima inasimama mbele na kitambaa kimoja, na mtoto wa kwanza ndiye anayesema neno. Asiposimama yeye, hiyo shukrani haijatolewa. Dada akatuma hela ya kitambaa, mama akachagua cha bluu chenye ndege weupe. Mke wangu alipoona picha yake kwenye simu alienda kusuka nywele siku ile ile.

Jumapili nikaenda kambini kuchukua nguo kwa fundi, Mrundi mmoja anayependa utani.

"Karibu, tajiri wa zege! Yako iko hapa. Ya batoto iko hapa."

"Na ya mama yao?"

Akaanza kutia mashine mafuta. "Mama yenu alisema hizi njo za mwisho, kaka. Kitambaa kimeisha."

Lakini pembeni yake niliona kipande kikubwa cha bluu, kimeshonwa lesi kuzunguka. Nikamuuliza hicho ni cha nani.

"Hicho ni cha meza. Njo bataweka simu ya Amerika juu."

Nikakipima kwa mikono. Kingetosha sketi, na kilemba kingepatikana.

Nikamkuta mama anachambua maharage. "Mama, mke wangu atavaa nini?"

"Avae chitenje yake ya siku zote. Akae na bantu bengine, apige vigelegele."

"Meza umeishonea, mama."

"Papa," ndivyo mama anavyoniita mimi mwanawe, "usinitese. Ile siku ni ya familia. We ulioa na kuku. Jogoo moja na tetea moja, njo ndoa? Kwabo batoto ni ba mujomba. Siku moja kaka yake atakuja kubabeba, we utabaki unaangalia."

Ni kweli, ndoa ya Kichewa haina mahari kama yetu. Wasimamizi wa pande mbili walibadilishana jogoo na tetea, tukawa mume na mke, na watoto huhesabiwa ukoo wa mama yao. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini watoto umewashonea?"

"Batoto ni betu."

"Na aliyekuosha mguu ni wa nani?"

Mama akaacha maharage. Nikadhani atalia. "Nilimuambia zikomo," akasema, yaani asante kwa Kichewa. "Anataka nimuambie mara ngapi? Ukimuleta mbele, mi sitasimama. We njo utaambia kanisa kwa nini mama yako amekaa."

Nikampigia dada. "Yaya," akasema, yaani kaka mkubwa, "usituharibie. Mama amepona juzi tu. Mke wako utamununulia ingine, nzuri kuliko hiyo." Nyuma yake watoto walikuwa wanacheka. Nikakata simu.

Nilipofika nyumbani mke wangu alipokea mfuko, akatoa shati langu, akatoa za watoto, akaukung'uta mfuko mtupu. "Changa chili kuti?" Changu kiko wapi. Ndugu zangu, mdomo wangu ukasema fundi hajamaliza.

"Aa, mafundi bote ni bamoja!" akacheka. "Afanye haraka, mimi nimeshasuka."

Leo ni Jumanne. Kapitao, msimamizi wa pale kazini, ameshaniruhusu Alhamisi, kwa maneno makali. Nikienda na watoto peke yetu, nitasimama pembeni ya meza iliyovaa nguo ya mke wangu na kumshukuru Mungu kwa kazi aliyoifanya yeye. Nikimpeleka mbele na chitenje chake, mama atakaa chini mbele ya kanisa zima, na huyo ni mama aliyenitoa Fizi kwa miguu. Nikibaki hapa, nimewaangusha wote.

Na kuna jambo linalonikosesha raha kuliko yote. Mke wangu anataka kusema neno kanisani. Sasa hivi yuko nje anasonga nsima, namsikia anarudia: "Namushukuru Mungu kwa kuponesha mama yangu." Halafu ananiita, "Bambo, nimesema vizuri?"

Amesema vizuri. Nishaurini kabla ya Alhamisi: nisimame wapi, na huyu mwanamke nimwambie nini?