Lundo la Samadi Kabla ya Mvua ya Kwanza

Paulina wa Miyuji ana nguruwe tisini, na kwa miaka sita aliamini hakuna mfugaji msafi kama yeye. Kiangazi chote alirundika samadi ukingoni mwa korongo, na mvua ya kwanza ikija, maji yanasomba kila kitu. Uwanja unabaki unang'aa! Majirani zake wawili wanaofuga nao walifanya hivyohivyo, tena wakipongezana. Samadi inakwenda wapi? Nani alijali, bwana!

Ilikwenda kwa mama mkwe wake. Bibi Debora anaishi bondeni, korongo linapogeuka mto wa mchanga, na maji yake ya kunywa huyafukua humohumo mchangani. Mwaka jana kisima chake kilitoa maji ya kijani yanayonuka, wajukuu wakaharisha wiki nzima. Alikihamisha mara tatu, wapi! Alipojua chanzo hakupiga kelele. Aliacha tu kupokea maji kutoka mkononi mwa Paulina. Akija Miyuji kusalimia, anakuja na kidumu chake! Lilimuuma Paulina jamani, lilimuuma mno.

Mwaka huu akaapa kwamba haliingii korongoni hata koleo moja. Wakulima wa zabibu wa Makutupora wakakubali kuichukua samadi, na Jumamosi moja mmoja wao, Yotham, akafika na trekta na tela. Akaanza kuzoa kwa majirani, wasije wakabadili mawazo. Kufika alasiri lilibaki lundo la Paulina, nalo limepungua nusu. Hapo ndipo wingu lilipotanda, jeusi tii.

"Mama Seth, hii iliyobaki tuiache," Yotham akamwambia Paulina. "Tela likinasa hapa, mimi na wewe tutalala na nguruwe."

"Thubutu!"

Paulina akatoka mbio hadi kanisani, kwaya ilikokuwa mazoezini. "Jamani, njooni mniokoe!" Wakamfuata wakidhani nyumba inaungua. Kuonyeshwa mavi ya nguruwe, we! Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini wakashika makarai. Mwalimu wa kwaya, Ludovick, na shati lake jeupe pee, akawapanga mstari hadi kwenye stoo ya pumba kule juu, akaanzisha pambio, na makarai yakapita mkono kwa mkono. Matone yakaanza kuwapiga migongoni. Haraka! Haraka jamani! Karai la mwisho linaingia stoo, korongo tayari linanguruma. Maji mekundu yakapita kwa kishindo pale lundo lilipokuwa, yakakuta ardhi iliyofagiwa. Paulina akarukaruka kwenye matope, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Siku nne baadaye mto ulipotulia, akashuka bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bibi Debora alikuwa amefukua kisima kipya, na maji yalikuwa yamejichuja mchangani, meupe kabisa. Paulina akapiga magoti, akachota kwa kata, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Anza wewe," mama mkwe akasema.

Akanywa mafunda matatu makubwa. Bibi Debora akamtazama, akaipokea kata, akainusa, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akamrudishia.

"Nichotee nyingine, mwanangu."